Kufundisha Kazi ya Kituliza-Usukani cha Pikipiki

Watoto wa Songea huziona pikipiki kila siku. Nyingine hubeba magunia ya mahindi, nyingine huwabeba wao wenyewe kwenda shuleni. Mwalimu wa sayansi, basi, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa ukinzani wa vimiminika.

Maelezo. Pikipiki iendayo kasi ikigonga jiwe, usukani waweza kutikisika kushoto na kulia mara kadhaa kwa sekunde moja. Baadhi ya pikipiki kubwa hufungiwa kifaa cha kutuliza mtikisiko huo. Ndani yake mna pistoni katika silinda iliyojaa mafuta. Usukani ugeukapo, mafuta husukumwa kupitia tundu dogo.

Jaribio. Kila kundi lipewe bomba jipya la sindano, lisilo na sindano yenyewe, pamoja na mafuta ya kupikia na kikombe. Mabomba yaliyokwisha kutumika hospitalini yasiguswe kamwe. Wanafunzi wavute mafuta, watoe hewa, kisha wayasukume kikombeni, kwanza polepole, halafu kwa haraka. Usiwape jibu, waulize mikono yao imehisi nini. Watagundua kwamba kadiri wanavyoharakisha ndivyo mafuta yanavyozidi kuwa mbishi.

Kosa la kutarajiwa. Mwanafunzi atasema kwamba kifaa hiki hukaza usukani. Sivyo. Nati ya shingo iliyokazwa mno huuzuia usukani wakati wote, hata dereva akatapo kona taratibu. Kituliza-usukani huzuia kidogo mwendo wa taratibu, na huzuia sana mshtuko wa ghafla. Warudishe wanafunzi kwenye bomba walithibitishe jambo hilo.

Tathmini. Uliza: “Usukani wa pikipiki ya kaka yako hutikisika. Je, kifaa hiki kitaiponya?” Waongoze wataje visababishi: beringi za shingo zilizolika, tairi lenye upepo mdogo, spoku zilizolegea, au mzigo mzito uliofungwa nyuma hata gurudumu la mbele likawa jepesi. Kituliza-usukani hufifisha mtikisiko; hakiondoi chanzo chake. Afungaye kifaa na kuziacha beringi mbovu ameificha hatari.

Hapo ndipo penye uzito wa somo hili, kwa kuwa wanaopanda pikipiki hizo ni wanafunzi wetu. Mtoto atakayemwambia kaka yake, “Kagua beringi kwanza, kisha punguza gunia moja,” amelielewa somo kuliko yule aliyekariri jina la kifaa.