Filamu ameiona, kitabu cha nini tena?

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tano. Ameitazama filamu ya Vuta N'kuvute, sasa anasema riwaya haina haja tena. Nimwambieje?

JIBU: Mama, usimgombeze, filamu nzuri ameiona. Mwongozaji wake, Amil Shivji, aliitoa mwaka 2021, na kuna mambo anayoyafanya ambayo Shafi Adam Shafi hakuweza kuyafanya katika riwaya yake ya 1999. Taarabu ya kwenye karatasi mtu huisoma tu. Kwenye filamu, mhusika Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, naye ni mwimbaji hasa, kwa hiyo mtoto anausikia mtaa wa Ng'ambo, Unguja, wa miaka ya 1950 kwa masikio yake.

Lakini saa moja na nusu haitoshi riwaya nzima. Amsome mhusika Yasmin anapomkimbia mumewe Raza kule Mombasa na kurudi Unguja, kwa watu wake wasiotaka kumpokea. Msomaji anakaa ndani ya kichwa cha binti huyu: hofu, aibu, ukaidi. Kamera inabaki usoni, yaliyo moyoni tunayakisia. Tena filamu inakwenda kwa kasi yake. Kitabu unakifunga, unabishana nacho, unarudi nyuma kurasa kumi.

Halafu kuna mtihani (hapa sina huruma). Swali litahusu riwaya: wahusika wake, lugha yake, tamathali zake. Akijibu kwa filamu, atasifu mwangaza na mavazi, na msahihishaji hatampa alama.

Asome sura chache za mwanzo, kisha mwitazame filamu pamoja. Mwulize nini kimeachwa, na kwa nini.