Ukinunua Kadi ya Sauti, ya Ndani Uizime?

Kila ninapomsaidia mtu kufunga kadi ya sauti ya USB ya kurekodia, swali huja kabla hata waya haujachomekwa: hii sauti ya ndani ya kompyuta tuiondoe? Kuiondoa haiwezekani, maana chipu yake imelehemiwa kwenye ubao mama. Kuizima unaweza, ila mara nyingi hakuna haja.

Ushauri wa kuizima una asili yake. Miaka ya 1990, kadi kama Sound Blaster zilichomekwa kwenye nafasi za ISA, na kila moja ilidai namba yake ya IRQ, aghalabu 5 au 7. Vifaa viwili vikigombea namba moja, kimoja kilinyamaza au kompyuta nzima ikaganda. Siku hizi mfumo hugawa namba wenyewe. Chipu ya ndani isiyotumika haichoshi kompyuta, wala haitii mvumo kwenye kadi ya nje.

Shida ya leo ni programu kuchagua kifaa usichokitaka. Nimesikiliza mahojiano ambayo maiki nzuri ilikuwa mbele ya mzungumzaji, kadi inawaka taa, lakini kilichorekodiwa ni maiki ya laptopu, feni ikivuma juu ya maneno ya mtu. Inauma, kwa sababu mazungumzo ya namna ile hayarudiwi.

Chanzo huwa ni kwamba Windows inatunza machaguo-msingi mawili: Default Device ya kazi za kawaida, na Default Communication Device ya simu na mikutano. Wengi huweka la kwanza, la pili wakalisahau. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Kwenye Playback, bofya kadi yako kwa kitufe cha kulia, uiteue kwa yote mawili. Fanya vivyo hivyo kwenye Recording. Hapo hapo bofya maiki ya ndani kwa kitufe cha kulia, uchague Disable. Maiki peke yake ndiyo itakayozimika. Spika za laptopu zitabaki kwa siku utakayosafiri bila kadi. Mimi huishia hapa, na kwa kazi ya kurekodi sauti karibu kila mara panatosha.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, ingia Device Manager, na kwenye kifaa cha sauti ya ndani uchague Disable device. Usichague Uninstall: ukiwasha tena kompyuta, Windows itakigundua kifaa na kukirudisha.

Kwenye Linux, wapo wanaoshauri kuifungia draiva ya snd_hda_intel moja kwa moja. Nakataa. Draiva hiyo hiyo ndiyo kwa kawaida inayobeba sauti ya HDMI, kwa hiyo skrini yako nayo itakuwa bubu. Fungua pavucontrol, nenda Configuration, kadi ya ndani uiweke Off. Yatosha.

Kuizima sauti ya ndani kwenye BIOS nakuachia kompyuta ya mezani iliyotengwa kwa studio tu. Lakini angalia kwanza matundu ya hedifoni yaliyo mbele ya kasha: kwa kawaida waya wake umeunganishwa na ubao mama, hivyo ukiizima sauti ya ndani nayo yanakufa. Kama kuna anayeyatumia, usiiguse BIOS.