Mtama Unaovumilia Jua

1. Shida ya mkulima

Katikati na mashariki ya Sudani mvua hunyesha miezi michache tu, toka mwezi wa sita hata mwezi wa tisa. Mvua ikikatika kabla mtama haujatoa masuke, shamba zima hunyauka. Hapo mkulima hupoteza chakula cha mwaka huu na mbegu za mwaka ujao.

Mtama ni nafaka ya Afrika. Watu wa mashariki ya Sudani walianza kuulima yapata miaka 5,000 iliyopita. Hata leo wanausaga na kupika mikate myembamba iitwayo kisra.

Mtama unavumilia jua kwa sababu tatu. Kwanza, mizizi yake inashuka chini sana kutafuta maji. Pili, majani yake yana kitu kama nta, na jua likizidi yanajikunja, ili maji yasitoke upesi. Tatu, mvua ikikawia, mtama huacha kukua, kama mtu aliyelala; mvua ikirudi, huamka tena.

Lakini uvumilivu huo una mpaka. Tena mitama haifanani: mmoja huvumilia jua lakini huzaa kidogo, mwingine huzaa sana lakini hufa upesi. Je, mtu aweza kupata mtama wenye mema yote mawili?

2. Mtoto wa Wollonkomi

Gebisa Ejeta alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Wollonkomi, nchi ya Ethiopia. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, yenye chumba kimoja. Shule ilikuwa mbali, lakini mama yake alitaka sana asome. Basi kila Jumapili jioni mtoto alitembea kilometa 20 mpaka shuleni, na siku ya Ijumaa alirudi nyumbani kwa miguu.

Baadaye alisoma ukulima Jimma na Alemaya, kisha Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue. Mwaka 1979 alikwenda Sudani kutafuta mtama mzuri kwa wakulima wa nchi kavu.

3. Mbegu chotara

Ua la mtama lina unga wa kiume na sehemu ya kike pamoja, kwa hiyo mtama hujizalisha wenyewe. Ili kuunganisha aina mbili, Gebisa alitumia mtama wa mama uliotoka Texas, ambao unga wake hauna nguvu ya kuzalisha. Kando yake hupandwa mtama wa baba, na upepo huchukua unga wa baba mpaka kwa mama. Mbegu zinazozaliwa huitwa chotara. Mara nyingi chotara huwa na nguvu kuliko wazazi wake wote wawili.

Lakini hakuna awezaye kujua mbele kama wazazi wamechaguliwa vema. Ni lazima kujaribu. Gebisa na wenzake wa Sudani waliunganisha aina nyingi, wakazipanda penye jua kali, wakapima mavuno. Zilizoshindwa waliziacha. Zilizofaulu walizijaribu tena katika mashamba ya wakulima wenyewe.

Mwaka 1983 chotara moja ilitolewa kwa wakulima. Iliitwa Hageen Dura-1, maana yake kwa Kiarabu ni «mtama chotara». Ilivumilia ukame, na mahali pengine ilizaa zaidi ya mara mbili ya mtama wa kienyeji.

4. Mbegu ya kutunza

Hata hivyo chotara ina shida yake. Mkulima akitunza nafaka yake na kuipanda tena, watoto wake hawafanani: wengine warefu, wengine wafupi, na mavuno yanapungua. Hana budi kununua mbegu mpya kila mwaka. Asiye na fedha, au akaaye mbali na soko, afanyeje?

Tena kuna adui mwingine. Ni jani baya lenye maua ya zambarau, liitwalo striga. Linashika mizizi ya mtama chini ya udongo na kunyonya chakula chake. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo hulala udongoni miaka mingi, mpaka mzizi wa mtama utoe maji ya kuziamsha.

Gebisa na mwenzake Larry Butler walitafuta mitama ambayo mizizi yake hutoa kidogo tu maji hayo. Waliiunganisha na mitama mingine inayozaa vema na kuvumilia ukame. Mitama mipya haikuwa chotara. Mkulima aliweza kutunza mbegu zake mwenyewe. Mwaka 1994 tani 8 za mbegu hizo ziligawanywa katika nchi 12 za Afrika. Mwaka 2009 Gebisa alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Mkulima anayetunza mbegu aanze kuchagua mtama ukiwa bado shambani. Atafute masuke makubwa ya mimea iliyovumilia jua, ayafunge kamba, ayavune peke yake. Akingoja mpaka nafaka iwe ghalani, hawezi tena kujua ipi ilivumilia.

Maulizo

1. Mtama hufanya nini mvua ikikawia?
2. Kwa nini nafaka ya chotara haifai kupandwa tena?
3. Striga huamshwa na nini?
4. Masuke ya mbegu yachaguliwe wapi, na kwa sababu gani?