Dawa za Maumivu Zinapobadili Hisia na Tabia

Mtu aliyefanyiwa upasuaji au aliyevunjika mfupa huweza kuandikiwa tramadoli ili apate usingizi na aanze mazoezi. Maumivu hupungua. Wiki kadhaa baadaye mwenza wake huanza kuona mabadiliko: aliyekuwa mcheshi amekuwa mkimya, hafurahii habari za watoto, hukasirishwa na neno dogo, na hamu ya tendo la ndoa imetoweka. Watu hushuku kwamba mapenzi yamekwisha, au kuna mtu mwingine. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi la dawa haisomwi.

Tramadoli, kodeini na mofini ni dawa za jamii ya afyuni. Hutuliza maumivu kwa kufanya kazi katika ubongo na uti wa mgongo, na sehemu zilezile za ubongo zinazoguswa huhusika pia na furaha na utulivu wa mtu. Hivyo mtumiaji huweza kuwa mzito wa hisia, asiumie sana na asifurahi sana. Tramadoli huongeza jambo jingine, kwani hugusa pia serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo. Matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza homoni za uzazi kwa wanaume na wanawake. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza tahadhari hiyo iandikwe katika maelezo ya dawa hizi.

Si kila hasira hutokana na kidonge. Maumivu yenyewe, kukosa usingizi na kukaa bila kazi humchosha mtu yeyote. Kwa sababu hiyo tunashauri kuandika, kwa muda wa wiki moja, saa dawa ilipomezwa na saa hali ilipobadilika. Ikiwa ukali hujitokeza kila dozi inapokaribia kwisha mwilini, daktari atakuwa na jambo la kuanzia.

Kosa tunalolihofia zaidi ni la mwanafamilia anayeficha au kutupa vidonge kwa nia njema. Mwili uliozoea dawa hizi ukinyimwa ghafla huleta jasho, kuharisha, wasiwasi na kukesha, hali ambayo mitaani huitwa arosto, na ugomvi nyumbani huzidi. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini naye asinyimwe kwa hofu ya uraibu. Maumivu yake yanahitaji tiba.

Mweleze mfamasia dawa zote unazotumia, hasa za sonona na za usingizi. Pombe au diazepamu pamoja na dawa hizi huweza kudhoofisha upumuaji hadi kifo. Mgonjwa asiyeamka anapoitwa, au anayepumua kwa taabu, apelekwe hospitali mara moja. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Naye afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Mabadiliko ya tabia ni madhara ya dawa kama yalivyo mabaka ya ngozi, nasi hupokea taarifa chache mno kuyahusu. Mwenza anaweza kuyaripoti katika kituo cha afya au duka la dawa, akitaja jina la dawa, namba ya toleo na tarehe dawa ilipoanza kutumika.