Ujenzi Umesitishwa, Kisha Mradi wa Nyumba Unaletwa: Mkazi Aulize Nini?

Mwenye ploti ameshanunua mawe na mchanga, na fundi ameitwa. Kisha tangazo linatoka: ujenzi katika eneo hili umesitishwa. Miezi michache baadaye mkutano unaitishwa, na wakazi wanaelezwa kwamba kuna mwekezaji anayetaka kujenga nyumba za ghorofa papo hapo. Swali la kwanza barazani huwa hili: "Sisi tumezuiwa, yeye anaruhusiwaje?"

Ni swali la haki. Katika somo la toleo hili tunaeleza jinsi ya kulijibu.

Sheria inasemaje

Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi inairuhusu serikali ya kaunti kutangaza mahali penye changamoto au fursa za kipekee kuwa eneo maalumu la mipango. Baada ya tangazo hilo, kaunti inaweza kusitisha ujenzi kwa muda usiozidi miaka miwili, huku mpango wa eneo ukiandaliwa na kuidhinishwa.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Ni vigumu kupima njia ya barabara au ya bomba la majitaka ikiwa kila wiki ukuta mpya unasimama mahali njia hiyo itakapopita. Kila ukuta mpya ni familia nyingine itakayohamishwa baadaye.

Hata hivyo, kusitisha kuna gharama. Fundi anakosa kibarua, mwenye ploti aliyekopa anaendelea kulipa mkopo, na nyumba zikiwa chache kodi hupanda. Ndiyo maana sheria ikaweka kikomo cha muda.

Funzo la Mukuru

Mwezi Agosti 2017, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Hapo palikuwa na takriban kaya 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni miaka mingi nyuma, ilhali walioishi juu yake hawakuwa na hati. Wakazi walinunua maji kwa mtungi kwa bei iliyozidi ile ya mitaa yenye mifereji.

Wakati ujenzi umesitishwa, wakazi walipangwa katika vikundi vya kaya kumi kumi ili maoni yatoke mlangoni hadi meza ya mipango. Muungano wa Wanavijiji, vyuo vikuu na mashirika mengine walifanya kazi hiyo pamoja na kaunti. Kufikia mwaka 2020, kazi ya barabara, maji na majitaka ilikuwa imeanza.

Lakini Mukuru inatufunza jambo la pili. Mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walipoteza makao nyumba zilipobomolewa kupisha barabara. Mpango ulioandikwa vizuri haumlindi mkazi ikiwa hakuna anayeufuatilia hadi mwisho.

Maswali matano ya kuuliza

Mradi wa nyumba ukiletwa wakati ujenzi umesitishwa, uliza haya:

1. Tangazo linasema nini hasa? Sheria inaiachia kaunti iamue ni ujenzi upi usitishwe. Soma tangazo lenyewe uone kama kuna ujenzi ulioruhusiwa. Ikiwa mradi mkubwa umeruhusiwa na chumba kimoja cha mkazi kimekataliwa, omba sababu kwa maandishi.

2. Je, mradi unaendana na mpango unaoandaliwa? Nyumba nzuri iliyojengwa kwenye njia ya bomba la majitaka itakuwa hasara kwa wote.

3. Maji na majitaka yatabebwa na nini? Uliza ukubwa wa bomba lililopo na idadi ya watu watakaoongezeka.

4. Wanaoishi hapo sasa wataenda wapi? Usisahau wapangaji. Mara nyingi mwenye ploti hufikiriwa fidia, naye mpangaji huambiwa tu ahame.

5. Nyumba hizo zitamfaa nani? Linganisha kodi au bei iliyotajwa na kipato cha watu wa mtaa huo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa.

Nani anaamua?

Wakazi wengi humwendea mwakilishi wa wadi wakitaka awape kibali. Yeye hupitisha sheria na bajeti katika bunge la kaunti, na kuisimamia serikali. Kibali cha ujenzi hutolewa na waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi. Cheti cha mazingira kutoka NEMA hakichukui nafasi ya kibali hicho.

Anayejenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Usiporidhika na uamuzi kuhusu ombi la kibali, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango ya ardhi. Ukishindwa hapo, unaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 hupita upesi, kwa hivyo weka nakala ya kila barua na uandike tarehe uliyoipokea.

Kabla ya mkutano

Mkutano wa kutoa maoni ukitangazwa, fika mapema. Omba kuona ramani, kwa kuwa maneno ya jukwaani hayaonyeshi ni nyumba ya nani iko kwenye mstari. Andika maoni yako kwenye karatasi, tia sahihi, ukabidhi nakala na ubaki na nyingine iliyopigwa muhuri. Kama wewe ni mpangaji, hudhuria pia; hiyo ni nyumba yako hata kama ploti si yako.

Maji yakimwagika hayazoleki. Maoni yanayotolewa kabla ya kibali kutiwa sahihi ndiyo yenye nguvu zaidi.