Table Mountain: Upepo Kwanza, Njia Baadaye

Mtu wa kwetu akifika Cape Town, akaambiwa Table Mountain una mita 1,085 hivi, huikumbuka Kilimanjaro na mita zake 5,895, akacheka. Asicheke. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji. Hapa unateremka kwenye teksi, unavuka barabara, tayari uko njiani, na hakuna anayekuuliza umebeba maji kiasi gani.

Asubuhi, kabla hujafunga kamba za viatu, tazama juu. Ukiona wingu jeupe limetanda kileleni na kumwagika ukingoni, lile ambalo wenyeji wanaliita kitambaa cha meza, ujue upepo wa kusini-mashariki umeamka. Hata mvuvi aliyezoea kusi angeuheshimu. Huko juu ukungu hufunika njia ukabaki unaona hatua chache tu mbele, na gari la kebo husimamishwa upepo ukizidi. Wengi hupanda kwa miguu wakitegemea kushuka na gari hilo. Likisimama, kazi inabaki kwa magoti. Kwa hiyo panga safari kana kwamba gari halipo, ubakishe maji, nguvu na mwanga wa kukurudisha chini. Siku ya kitambaa, kilele kiache. Kazunguke msituni Newlands, chini ya miti.

Anga likiwa safi, wengi hupita Platteklip Gorge: ngazi za mawe zinazopanda korongoni bila kupumzika, saa mbili hadi tatu. Njia yenyewe haipotezi mtu; adui ni jua. Korongo linatazama kaskazini, na kusini kule jua la mchana hupita upande huo huo, hivyo mwezi Desemba kivuli ni cha kutafuta. Anza saa kumi na mbili asubuhi, na kila mtu abebe lita mbili zake.

Mimi napenda zaidi Skeleton Gorge, inayoanzia bustani ya Kirstenbosch. Kuna kiingilio, lakini unalipia kivuli. Unapanda ndani ya msitu, unakwea ngazi za mbao, kisha unaruka majabali ya kijito. Mvua ikinyesha mawe hayo huwa kama sabuni, na mvua za Cape Town huja pamoja na baridi, Juni hadi Agosti. Pandia hapo, shukia Nursery Ravine iliyo jirani. India Venster iache kabisa kama huna mwenyeji anayeijua. Kwenye ramani ya simu inaonekana fupi. Mlimani ni ya kukwea kwa mikono.

Juu ni tambarare. Kutoka Platteklip watu hukimbilia upande wa kituo cha kebo kupiga picha. Wewe geukia mashariki, na kwa muda usiofika saa moja utakuwa Maclear's Beacon, rundo la mawe kwenye kilele chenyewe. Pimbi watakuzunguka wakiomba. Usiwape kitu.

Mgeni asiye na mazoezi aanzie Lion's Head, mita 669. Njia inauzunguka mlima kama konokono, ukiona mji, kisha bahari, kisha mji tena. Karibu na kilele kuna minyororo na vishikio vya chuma, ila ipo njia ya kando kwa mwoga, na mimi niliichukua bila aibu. Ukienda kutazama jua likizama, tochi ni lazima.

Usiende peke yako. Wanne ni idadi nzuri, maana vibaka wapo. Simu ikae mkobani, jaketi isibaki hotelini hata kukiwa na joto, na mtu mmoja mjini ajue umepita njia gani na utarudi saa ngapi.

Saa sita kamili mchana ukisikia mlipuko, usilale chini. Ni mzinga wa Signal Hill, hupigwa kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu.