Uchovu Usiokwisha: Maneno kwa Jamaa za Moshi na Mlimani

Katika vihamba vya Marangu, Kibosho na Machame, kabla jua halijakigusa kilele cha Kibo, mama aliyeamka saa kumi alfajiri amekwisha kufagia ua, kubandika chai na kuwatayarisha watoto wa shule. Kisha hushuka kukata majani ya ng'ombe wafungwao zizini, akaupanda tena mlima na mzigo kichwani, na aghalabu kazi za jikoni humwachilia saa tano usiku. Akisema amechoka, huambiwa ni uvivu, au ni umri, au ni baridi ya mwezi wa saba. Sisi twaona jawabu la kwanza limo katika hesabu: usingizi wake ni wa saa 5, ilhali mwili wa mtu mzima wataka saa 7 au zaidi kila usiku. Basi dawa ya nyumba hiyo haiuzwi dukani. Ni baba na vijana kushika zamu ya majani na maji, hata kama shauri hili halitapendeza katika kila baraza.

La pili ni dogo kwa sura, kubwa kwa athari. Ndizi, iliyo nguzo ya maakuli yetu, hutia nguvu, lakini ina uchache wa madini ya chuma, ambayo damu hukosa uwezo wa kuchukua hewa safi mwilini isipoyapata. Chuma kimo katika nyama na maini, na kimo pia katika maharage na katika mnafu uotao kihambani bila kulipiwa senti. Ila chuma hiki cha mimea huzuiwa na ukali wa chai na kahawa vinywewapo pamoja na chakula. Mwenye kula kiburu akashushia kikombe cha chai ya rangi amejidhulumu bila kujua. Na aiakhirishe chai kwa saa moja au mbili, ale chungwa au pera, au aikamulie mboga ndimu, kwani vitamini C hukisaidia chuma kuingia mwilini. Wanawake wapatao hedhi, na hasa waja wazito, ndio wenye haja kubwa zaidi ya nasaha hii.

Ama mbege, hatuna ugomvi nayo siku ya arusi. Lakini kata ya kila jioni humlaza mtu upesi na kumkatia usingizi usiku wa manane, akaamka na kichwa kizito.

Karani wa Moshi mjini, aketiye kutwa, naye huchoka, na uchovu wake hutibiwa kwa kutembea: dakika 30 kwa siku, siku 5 za juma, ndizo zile dakika 150 ziusiwazo na Shirika la Afya Duniani. Safari fupi ya kwenda sokoni haihitaji bodaboda.

Hata hivyo, uchovu uliopita majuma mawili juu ya kula na kulala vema, usiufanyie subira. Nenda zahanati ukapimwe wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na malaria. Na ukiandamana na kikohozi, kukonda au jasho la usiku, pimwa kifua kikuu, maradhi ambayo hospitali ya Kibong'oto imeyatibu tangu 1926. Dawa zake katika vituo vya serikali hazitozwi fedha.